Kombe wa miaka 507 au popo wa miaka 41, nani mkali?

Watu wakisikia nasomea uzee wa wanyama, swali la kwanza ni lile lile, yule kombe wa Iceland anayeitwa Ming, kiumbe wa baharini mwenye ganda la pande mbili. Sawa, anastahili, maana alizaliwa 1499, mwaka ambao Vasco da Gama alipita Malindi akirudi kwao, akavuliwa 2006 na akafia kwenye friza ya watafiti kabla hawajajua wamemshika nani. Umri wake uko kwenye ganda: unalikata pale kwenye bawaba, unaweka chini ya darubini, unaona mistari imebanana, kila mmoja mwaka. Mwanzo walihesabu 400 na kitu, wakarudia, 2013 ikatoka 507.

Ila mimi namchagua popo wa Brandt. Ana gramu 7 hivi tu! Kule Siberia mmoja alivalishwa pete, miaka 41 baadaye akanaswa tena yuko hai. Panya wa nyumbani, ambaye ni mzito kuliko yeye, akifika miaka mitatu kajitahidi sana.

Na kombe wala hanisumbui kumwelewa. Anakaa kwenye maji baridi ya Atlantiki ya kaskazini, anajifukia, anafunga ganda, anaweza kukaa siku kadhaa bila oksijeni, mwili unafanya kazi taratibu mno na protini zake haziharibiki kirahisi. Popo sasa! Damu moto, akiruka moyo unapiga mamia ya mara kwa dakika, anachoma nishati balaa, kwa hiyo ile nadharia ya zamani kwamba anayeishi mbio anakufa mapema hapo inagoma. Utaniambia analala msimu wa baridi, ndio, inamsaidia, lakini kuna popo wa nchi za joto hawalali hivyo na bado wengine wanavuka miaka 20.

Nachoona wanafanana ni kwamba wote wawili ni wagumu kuliwa, mmoja kajifukia na ganda nene, mwingine anaruka usiku na mchana kajificha. Mnyama anayeliwa akiwa mdogo, mageuzi ya viumbe hayana sababu ya kumpa mwili wa kudumu.

Jinomu ya popo huyu, yaani jeni zake zote, ilisomwa 2013, wakakuta vipokezi (sehemu za seli zinazopokea ujumbe wa homoni) vya homoni ya ukuaji na vya IGF1, homoni nyingine inayohusika na ukuaji, vimebadilika, na hivyo vipokezi hata sisi tunavyo, ndo maana kwenye utafiti wa uzee wa binadamu naanza na popo, Ming anasubiri.