Kifafa huhesabiwaje, na kwa nini wengi hawapati dawa?

Kwa nini serikali isihesabu tu majina yaliyo kwenye daftari za hospitali?

Daftari linamjua aliyefika. Wenye kifafa wengi hawafiki: binti anafichwa asikose mchumba, mtoto anaachishwa shule, na nyanya anasema huyo ana nyuni, yaani pepo, apelekwe kwa mganga. Ndiyo maana huko Kilifi, watafiti wa KEMRI, taasisi ya serikali ya Kenya ya utafiti wa tiba, na wenzao walipita nyumba kwa nyumba.

Mwenye nyumba huulizwa nini?

Ukibisha hodi na kuuliza, "Kuna mwenye kifafa hapa?" utakaribishwa chai na kuambiwa hakuna. Afadhali uulize kinachoonekana kwa macho: kuna mtu huanguka akazimia, mwili ukakakamaa na kutetemeka? Jibu likiwa ndiyo, hufuata maswali marefu zaidi, kisha mtaalamu wa tiba humpima mwenyewe.

Kilifi walihesabu kifafa cha kuanguka na kutetemeka tu, tena kilichomshika mtu ndani ya miezi 12 iliyopita au anachotibiwa. Mtoto anayekodoa macho sekunde chache kisha akaendelea kucheza, nacho chaweza kuwa kifafa, hakuingia kwenye hesabu, kwa hiyo idadi halisi iko juu zaidi.

Walipatikana wangapi?

Matokeo ya 2013 yalionyesha watu 7.8 katika kila 1,000 Kilifi. Iganga, Uganda, walikuwa 10.3, na Ifakara, Tanzania, 14.8. Yaliyohusishwa na kifafa ni pamoja na matatizo wakati wa kuzaliwa, kuumia kichwa, na vimelea kama minyoo ya usubi.

Na waliokuwa wakitibiwa?

Hapa ndipo utafiti wa Kilifi unaponivutia. Watafiti hawakuridhika na "ndiyo, nameza". Walitoa damu wakatafuta dawa humo. Kati ya kila wenye kifafa 10, zaidi ya 6 damu yao haikuwa na dawa. Wengine walikaa zaidi ya kilomita 30 kutoka kituo cha afya, wengine walitakiwa kuilipia dawa, wengine hawakuwa na imani na tiba ya hospitali. Na fenobabitoni, dawa ya miaka mingi, ni miongoni mwa dawa za bei nafuu kabisa! Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hadi 70% ya wenye kifafa wangeweza kuishi bila kushikwa wakitibiwa ipasavyo.

Sijaanguka miezi sita. Niache dawa?

Usiache kwa uamuzi wako. Huenda huanguki kwa sababu unameza. Ukiikatiza ghafla, kifafa kinaweza kukushika mfululizo bila kukatika, na hiyo ni dharura. Wanaokaa nawe wajue: wakulaze ubavu, wasikutie kijiko mdomoni, watazame saa. Dakika 5 zikipita hujatulia, watafute gari.