Kupanda mti shambani hakuombewi kibali

Msimu wa kupanda miti ukikaribia, malalamiko huwa yaleyale: mkulima kang'oa mche wa mvule uliojiotea katikati ya mihogo, akihofia kwamba ukikua utakuwa wa serikali. Sisi wa ofisi ya misitu tumelieleza hili mara nyingi. Kupanda au kutunza mti shambani mwako hakuombewi kibali. Utaratibu unaanza unapotaka kuvuna.

Hapo anzia serikali ya kijiji, upate barua inayothibitisha kuwa shamba ni lako na mipaka haina mgogoro. Ipeleke kwa ofisa misitu wa wilaya, aje akague mti ukiwa bado umesimama. Narudia: umesimama. Wengi hukata kwanza, halafu hutuletea picha za simu. Mbao zikishapasuliwa hupimwa, hugongwa alama kwa nyundo, ndipo hutolewa hati ya kusafirishia, ambayo dereva ataionyesha kila kizuizi. Bila hati mzigo hukamatwa na unaweza kutaifishwa. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ina faini, kifungo, au vyote viwili.

Kuna dhana nyingine, kwamba mti hunyonya shamba. Mti gani? Mkaratusi uliopandwa kando ya chemchemi, ndiyo, na hilo tunalikataza. Lakini vuka Ziwa Victoria uende Bukoba au Muleba ukatazame kibanja, yaani shamba la migomba la Wahaya linalozunguka nyumba. Juu kuna musizi na mkuyu, chini yake migomba, kisha mibuni, halafu maharage. Samadi inatoka zizini, nyasi za kutandaza zinakatwa rweya, yaani kwenye uwanda wa nyasi. Fukua majani makavu chini ya mgomba saa saba mchana wa kiangazi: mkono unakuta udongo wa baridi na nyungunyungu. Wahaya hawakufundishwa hayo na ofisi yoyote. Nasi Usukumani tuna ngitili, malisho yanayofungwa masika ili mifugo ipate chakula kiangazi. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza Shinyanga mwaka 1986 ulijengwa juu ya desturi hiyo.

Kwa walio ufukweni: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Shamba lako likiingia humo, fika ofisini kabla ya kupanda chochote.

Na huo mvule mchanga, ukiona vifundo kwenye majani yake, ni kazi ya mdudu. Usiung'oe. Uzungushie vijiti mbuzi asiufikie, na uuache ukue chini ya kivuli cha migomba.