Je, Wajua Kwa Nini Kompyuta ya Wati 10 Inatosha Kulinda Mtandao wa Nyumba Nzima?

Wapo watu ambao, wakishachoka na kile kisanduku walichopewa na mtoa huduma wa intaneti, huamua kujitengenezea ruta (kifaa kinachounganisha nyumba na intaneti) na fayawoli (ukuta unaozuia wasioruhusiwa kuingia) yao wenyewe. Programu zipo, tena za bure: pfSense iliyoanza mwaka 2004, OPNsense iliyochipuka kutoka humo mwaka 2015, na OpenWrt kwa vifaa vidogo zaidi. Kinachobaki ni kuchagua mashine ya kuziendesha, na hapo ndipo wengi huingia mkenge. Huiona kompyuta ya mezani ya zamani iliyolala stoo, prosesa yake bado ina nguvu, feni zake bado zinazunguka, wakasema basi, hii hapa.

Itafanya kazi, hilo halina ubishi. Swali ni itakula kiasi gani. Ruta haizimwi usiku wala haipumziki mnaposafiri, na mwaka una saa 8,760. Maana yake ni kwamba kila wati moja inayovutwa bila kukoma inageuka kuwa uniti 8.76 za umeme kwa mwaka. Kompyuta ya mezani inayovuta wati 60 huku imekaa tu itamaliza uniti 526 hivi. Kisanduku cha wati 10 kitamaliza 88. Chukua tofauti hiyo, uniti 438, uizidishe kwa bei ya umeme unayolipa, halafu kwa miaka ambayo ruta itakaa nyumbani kwako.

Angalia maneno "imekaa tu". Hapo ndipo penye siri yenyewe, kwa sababu ruta ya nyumbani hushinda na kukesha ikisubiri. Hata mkiwa mnatazama video sebuleni na vyumbani, prosesa ya kisasa huwa inafanya kazi sehemu ndogo tu ya kila sekunde. Kwa hiyo mashine isipimwe kwa nguvu iliyo nayo inapokimbia, ipimwe kwa umeme inaovuta ikiwa haina la kufanya. Na kompyuta ya mezani ni mbovu hasa katika hilo. Prosesa yake huenda ikatulia vizuri, lakini bodi kuu, kadi ya picha, diski na feni zote zinaendelea kuvuta. Pawa saplai, kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, nayo ina lake: cheti cha 80 PLUS, kinachopewa zisizopoteza umeme mwingi, hupima ufanisi wake katika mzigo wa asilimia 20, 50 na 100, na ngazi ya juu ya Titanium huongeza kipimo cha asilimia 10. Pawa saplai ya wati 500 inayotoa wati 25 iko kwenye asilimia 5, chini kabisa ya eneo ambalo vyeti vingi vinaligusa, na huko sehemu kubwa ya umeme hupotea kama joto.

Sasa, kwa nini kidogo kinatosha? Kwa sababu kazi ya ruta haihesabiwi kwa ukubwa wa data, inahesabiwa kwa idadi ya pakiti, yaani vipande vidogo ambamo data hukatwa ili isafiri. Ruta ni kama mtu wa posta anayesoma anwani juu ya bahasha: barua iwe ndefu au fupi, yeye kazi yake ni ileile. Kila pakiti inapofika, mashine inaangalia inatoka wapi, inakwenda wapi, kama ni ya mazungumzo ambayo tayari yameruhusiwa, inabadilisha anwani inapobidi, kisha inaisukuma mbele.

Tupige hesabu. Laini ya gigabiti 1 kwa sekunde, ikijaa pakiti za ukubwa kamili wa Ethernet, hubeba pakiti 81,274 hivi kila sekunde. Prosesa ya gigahezi 1, kiini kimoja tu (sehemu ya prosesa inayofanya kazi peke yake), ina mizunguko, yaani hatua za kazi, bilioni moja katika sekunde hiyo. Gawanya: unapata mizunguko kama 12,300 kwa kila pakiti, nafasi ya kutosha kabisa kufanya kazi niliyoitaja. Mambo hubadilika pakiti zikiwa ndogo kabisa, zile za baiti 64, kwa sababu laini hiyohiyo inaweza kubeba pakiti 1,488,095 kwa sekunde, na hapo kila pakiti inabakiwa na mizunguko 672 tu. Lakini nani nyumbani kwake anajaza gigabiti nzima kwa pakiti za baiti 64? Pakiti ndogo huja na michezo ya mtandaoni na simu za sauti, na hizo hazikaribii kujaza laini.

Ndiyo maana kwa miaka mingi wapenzi wa mambo haya walitegemea bodi za PC Engines, kampuni ya Uswisi. Bodi yake ya APU2 ilikuwa na prosesa ya AMD yenye viini vinne vya gigahezi 1, matundu ya mtandao ya Intel, haina feni, na ilivuta kati ya wati 6 na 12. Mwaka 2023 kampuni ilitangaza kwamba bodi hizo zinafika mwisho. Pengo lake limejazwa kwa kiasi kikubwa na visanduku vyenye prosesa ya Intel N100, iliyotoka mwaka huohuo ikiwa na viini vinne na kasi inayoipita APU2 kwa mbali.

Kuna kazi tatu zinazoweza kuipiga magoti mashine ndogo, na hizi ndizo za kuzifikiria kabla ya kununua. Ya kwanza ni VPN, njia ya siri inayopita ndani ya intaneti. Hapo mtu wa posta anatakiwa kufungua barua na kuiandika upya kwa maandishi ya siri, kwa hiyo ukubwa wa data sasa una maana. Prosesa yenye maelekezo ya AES-NI (amri za ndani za kusimba data haraka), ambayo Intel ilianza kuyaweka mwaka 2010, huifanya kazi hiyo kwa wepesi. Isiyo nayo huhema. WireGuard, programu ya VPN iliyoingizwa kwenye kerneli (moyo wa mfumo) ya Linux mwaka 2020, hutumia ChaCha20, mbinu ya kusimba ambayo haihitaji msaada huo na hukimbia vizuri hata kwenye prosesa za kawaida. Ya pili ni kukagua yaliyomo ndani ya pakiti kwa programu kama Suricata. Hii inakula prosesa na memori kwa pamoja, na kwa maoni yangu nyumba nyingi hazina haja nayo, kwa sababu sehemu kubwa ya inachokiona siku hizi tayari kimesimbwa.

Ya tatu ndiyo inayowashangaza watu: PPPoE, njia ambayo baadhi ya watoa huduma huitumia kukuunganisha, ikizifunga pakiti ndani ya bahasha nyingine. Kadi nzuri ya mtandao huzigawa pakiti kwenye foleni kadhaa ili kila kiini cha prosesa kichukue fungu lake. Laini ikiwa ya PPPoE, kadi nyingi haziwezi kuona anwani zilizofichwa ndani ya bahasha ya nje, hivyo pakiti zinazoingia hurundikwa kwenye foleni moja na kubebwa na kiini kimoja. Kwenye FreeBSD, mfumo endeshi ambao ndio msingi wa pfSense na OPNsense, jambo hili limesumbua watu kwa miaka. Mtoa huduma wako akitumia PPPoE kwenye laini ya kasi, usihesabu viini, angalia kasi ya kiini kimoja.

Baada ya hapo, pesa yako iende kwenye matundu ya mtandao. Mimi ningekubali prosesa hafifu yenye kadi nzuri kuliko prosesa kali yenye kadi ya kubahatisha. Kwenye FreeBSD, kadi za Intel zina sifa ya muda mrefu ya kuwa na draiva zilizokomaa, ingawa hata huko si zote: matoleo ya mwanzo ya kadi ya i225 ya gigabiti 2.5 yalikuwa na kasoro katika nafasi inayoachwa kati ya pakiti, na kasi ilishuka. Raspberry Pi, kompyuta ya bodi moja, nayo inavutia kwa udogo wake, lakini soma vizuri. Pi 3B+ ina tundu linaloitwa la gigabiti huku limepitishiwa kwenye USB 2.0, kwa hiyo haivuki megabiti 300 hivi. Pi 4 ya mwaka 2019 ina gigabiti ya kweli, ila tundu ni moja. Unaweza kulitumia kwa pande zote mbili ukiwa na swichi inayoelewa VLAN, yaani inayoweza kugawa waya mmoja kuwa mitandao tofauti. Gharama yake ni kwamba data unayopakua na unayopakia zitagawana gigabiti hiyo moja.

Usidanganywe pia na namba ya TDP. N100 imeandikwa wati 6, lakini hiyo ni namba ya kupangia upoozaji wa prosesa, si umeme unaotoka ukutani. Ongeza memori, diski, matundu manne ya mtandao na hasara ya adapta, utajikuta karibu na wati 10 mashine ikiwa imetulia, na zaidi ya hapo ikibanwa. Namba ya kuaminika ni ile utakayoisoma kwenye kipimo cha kuchomeka ukutani. Matundu ya gigabiti 10 ya kebo ya shaba yana ulafi wake: kila moja huweza kula wati kadhaa peke yake, wakati kebo fupi ya DAC, inayokuja na vichwa vyake, kwenye tundu la SFP+ linalopokea moduli, haifiki wati 1.

Memori ya gigabaiti 4 inatosha, 8 kama unataka Suricata. Diski iwe SSD ndogo badala ya kadi ya SD, kwa sababu kumbukumbu za matukio ya fayawoli huandikwa mchana na usiku na kadi za SD huchoka mapema. Isiyo na feni ni bora, mradi usiifungie kabatini.

Na ile kompyuta ya stoo? Ikiwa umeme wako ni rahisi, au unataka tu kujifunza kwa miezi michache, itumie bila wasiwasi: mashine mpya huchukua muda kurudisha bei yake. Kinachonifanya niegemee kwenye kisanduku kidogo ni kukatika kwa umeme. Vingi vinatumia volti 12, na betri ya volti 12 yenye saa-ampea 7 ina wati-saa 84, kwa hiyo hata ukiitumia nusu tu ili usiiue, una saa nne za wati 10. Kumbuka tu kwamba modemu ya fiba na kifaa cha Wi-Fi navyo vinahitaji kuchomekwa kwenye betri hiyohiyo, kwa hiyo jumlisha wati zao kabla ya kuinunua.