Mlenda uleni, lakini goti lenu halijaishiwa ute

"Nimeambiwa ute umeisha." Mtaalamu yeyote wa fiziotherapia hapa Dodoma anaisikia sentensi hii mara nyingi kuliko salamu. Mkia wake haubadiliki: nimeambiwa nisitembee sana, nile mlenda, bamia na supu ya makongoro, halafu nitafute hela ya sindano ya kuongeza ute. Nimechoka kuijibu kwa mdomo. Naiandika, kisha nitakuwa natuma linki.

Ute wa goti hauishi.

Kama mlenda ungekuwa unajaza magoti, mkoa huu usingekuwa na mgonjwa wa goti hata mmoja. Hapa mtu anaanza mlenda akiachishwa ziwa: mbichi, wa kukausha na kutwanga, wenye karanga na usio na karanga, juu ya ugali wa uwele au mtama. Na bado wanaoingia kliniki wakijishika ukuta ni kina bibi wa Bahi, Chamwino na Mvumi ambao wameukula miaka 70. Utelezi ule ni nyuzi za mmea ambazo utumbo wetu hauwezi kuzimeng'enya. Zinashuka mpaka utumbo mpana, bakteria wanazichachua, choo kinakuwa laini, basi. Bomba la kutoka utumbo mpana kwenda gotini halipo. Makongoro nayo ni kolajeni ambayo tumbo linaivunja vipande kama linavyovunja maharage, na vipande hivyo mwili unavipeleka unakotaka wenyewe. Kinachobaki kwa uhakika ni mafuta ya ile supu. Na wewe mwenye presha, magadi ya kwenye mlenda ni sodiamu, kwa hiyo punguza mkono.

Sasa huo ute. Unatengenezwa na utando unaolifunika goti kwa ndani. Utando unachuja majimaji kutoka kwenye damu, seli zake zinaongeza asidi ya hayaluroni, na hiyo ndiyo inayoufanya ute uvutike kama ute wa yai. Kazi hii haina likizo. Goti lenye afya lina ute kidogo sana, chini ya kijiko kimoja cha chai. Goti lililolika, likiwa limevimba, unaweza kulichoma sindano ukavuta mililita 30, 50, au zaidi. Yaani mtu anatembea na majimaji mara kumi ya jirani yake, na huyo ndiye anayeambiwa ameishiwa!

Kosa hili nadhani linazaliwa mbele ya filamu ya eksirei. Eksirei inaonyesha mifupa. Gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, halionekani; meniski, vile vipande kama mpira vinavyokaa kati ya mifupa, hazionekani. Unachokiona ni mfupa wa paja juu, mfupa wa ugoko chini, na nafasi nyeusi katikati. Mgonjwa anaonyeshwa nafasi imebana, kidole kinagonga filamu, "unaona, hapa ute umekauka." Ile nafasi si dimbwi. Ni unene wa gegedu la juu, gegedu la chini na meniski kati yao; ute wenyewe ni tabaka jembamba tu linalopaka nyuso hizo. Nafasi ikibana, kilichopungua ni gegedu na meniski. Na ili hata hilo lionekane, picha ipigwe umesimama, uzito uko mguuni. Ukipigwa umelala kitandani, goti baya linaweza kutoa picha nzuri kabisa.

Halafu ile picha yenyewe isiabudiwe. Tunapanga ulikaji kwa madaraja, 0 mpaka 4, na daraja haliendi sambamba na maumivu. Kuna watu wa daraja la 4 wanaolima zabibu, na kuna wa daraja la 1 wanaoshindwa kupanda daladala. Ukiwa na miaka zaidi ya 45, goti linauma ukilitumia, asubuhi linakaza kwa chini ya nusu saa kisha linalegea, huhitaji picha ili uanze tiba. Wengi wanatumia hela kwenye picha kisha wanakosa nauli ya kurudi kwenye mazoezi.

Haya, nikiri punje ya ukweli iliyomo, maana wapo watakaonibana. Ute wa goti lililolika hubadilika: asidi ya hayaluroni inapungua na minyororo yake inakuwa mifupi, ute unakuwa mwepesi kama uji uliozidishwa maji. Ni kweli. Lakini huo ni ubora, si wingi, na chanzo chake ni goti kuwaka kwa ndani, si sahani yako. Tofauti hii naishikilia kwa sababu ya ushauri unaozaliwa nayo. Ukiamini grisi imeisha, utafanya kama dereva mwenye akili: utapaki gari. Na goti ukilipaki linaharibika zaidi. Gegedu halina mishipa ya damu, linakula kwa kuminywa na kuachiwa, kama dodoki ndani ya beseni. Ukikaa halinyonyi kitu. Msuli wa mbele wa paja nao unasinyaa haraka, tena goti lililovimba linauzima lenyewe, maana mililita 20 au 30 za majimaji zinatosha kuufanya msuli usiitike vizuri. Mzee aliyeambiwa apumzike Machi, Agosti hawezi kuinuka kwenye kochi, na wote wanasema "ute umezidi kuisha."

Kwa hiyo tunafanya nini? Zoezi moja, ukilifanya sawasawa, linatosha kuanzia: kukaa na kusimama. Chukua kiti kigumu, sentimita 45 hivi, ukiegemeze ukutani kisiteleze. Kaa mbele ya kiti, miguu ipane kama nyonga, visigino virudi nyuma kidogo ya magoti. Inama mpaka pua ipite juu ya vidole vya miguu, ndipo usimame. Simama kwa kuhesabu mbili, kaa kwa kuhesabu nne. Mara 8 hadi 12, pumzika dakika moja au mbili, rudia mpaka mizunguko mitatu. Siku tatu kwa wiki, ukiruka siku. Likikushinda, weka blanketi lililokunjwa juu ya kiti liongeze kimo. Likiwa rahisi siku mbili mfululizo, ondoa blanketi, kisha kumbatia mfuko wa mchele wa kilo 2, baadaye 5.

Yanapoharibika ni palepale. Watu wanajiangusha sentimita kumi za mwisho, na kushuka polepole ndiko kwenye kazi. Magoti yanaingia ndani yagusane. Uzito wote unahamia mguu mzima, na mgonjwa anashangaa mbona mguu mbovu hauongezeki nguvu. Mwingine anafanya mara mia siku ya kwanza kwa hasira, goti linavimba, anatangaza mazoezi yamemdhuru. Na wapo niliowasamehe lakini sijawaelewa, wale waliopewa zoezi la kubonyeza taulo chini ya goti wakiwa wamelala, wakalifanya hilohilo miaka miwili. Lile ni la goti linalokataa kila kitu, sekunde 5, mara 10, wiki mbili tatu, kisha unahama.

Kuhusu maumivu wakati wa mazoezi, kipimo ni hiki. Kwenye sifuri mpaka kumi, hadi 4 au 5 inaruhusiwa, mradi kesho asubuhi goti limerudi lilivyokuwa. Likiamka limevimba au linauma kuliko jana, punguza idadi nusu. Usiache. Kuuma hapa hakumaanishi unalisaga. Kulia "kah kah" bila maumivu nako peke yake si cha kuogopa, acheni kulisikiliza.

Kutembea: Dodoma ni tambarare, tumieni bahati hiyo kabla jua halijawa kali. Dakika 10 mara mbili kwa siku, ongeza dakika 5 kila wiki hadi 30. Vaa raba, kandambili iliyolika upande mmoja itupe.

Fimbo sasa. Wazee wa huku wanazo tayari, na karibu wote wanaishika upande wa goti linalouma. Ishike mkono wa pili. Goti la kulia likiuma, fimbo iwe kushoto, na iende mbele pamoja na mguu wa kulia. Urefu: simama na viatu, mkono uning'inie, kichwa cha fimbo kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanzia. Fimbo ya mchungaji ni ndefu mno, inainua bega na haibebi uzito. Chini weka raba. Kwenye ngazi, mguu mzima utangulie kupanda, mguu mbovu utangulie kushuka.

Nyumbani, adui ni kigoda. Goti lililokunjwa mpaka mwisho linabanwa sana nyuma ya kifuniko chake, na kupikia kwenye kigoda cha sentimita 20 saa mbili kila siku si jambo dogo. Pandisha jiko juu ya matofali, kaa kwenye kiti. Choo cha shimo kiwekee kiti cha plastiki kilichokatwa tundu, kikiwa imara, na upande mmoja weka kitu cha kushika. Kwenye ibada kaa kwenye kiti bila aibu.

Uzito: kila kilo unayopunguza inaondoa kama kilo nne gotini kwa kila hatua. Mwenye kilo 90 akishuka mpaka 81 atasikia tofauti. Ila msiwaambie "punguza uzito" wazee wembamba wa vijijini. Hao wanahitaji mayai, maziwa, kunde na msuli.

Dawa nitapita haraka. Jeli ya diklofenaki ya kupaka ndiyo ya kuanzia kwa goti. Ipake vya kutosha, siku kadhaa mfululizo kama maelezo yake yanavyosema, siyo siku moja ukasema haifanyi kazi. Vidonge vya diklofenaki vinapunguza maumivu kweli, na vinatoboa tumbo, vinapandisha presha na kuumiza figo kweli pia, hasa kwa anayetumia losartani, dawa ya presha, pamoja na dawa ya kukojosha. Kununua dukani miezi sita bila kupima ni kucheza na moto. Parasetamoli inasaidia kidogo tu. Na dawa ya "miti shamba" inayomaliza maumivu ndani ya usiku mmoja, kisha uso unavimba na sukari inapanda, ina dalili zote za steroidi, dawa kali ya kuzima uvimbe, iliyofichwa humo. Usiikate ghafla, nenda nayo kwa daktari.

Sindano ya steroidi ndani ya goti inatuliza wiki chache, inafaa goti lililowaka ili uweze kufanya mazoezi, na haichomwi kila mwezi. Ile ya kuongeza ute ndiyo inayonikera. Ni asidi ya hayaluroni ya kiwandani, ina bei, haikai gotini muda mrefu, na tafiti kubwa zinaonyesha inazidi sindano ya maji ya chumvi kwa kiasi kidogo mno ambacho wagonjwa wengi hawatakihisi. Miongozo mingi haiipendekezi kama tiba ya kawaida. Wapo wanaopata nafuu, sibishi. Ila usiuze mbuzi watatu kwa ajili yake kabla hujafanya wiki 12 za kiti.

Na sisi tusijifanye malaika. Mazoezi hayaoteshi gegedu. Nafuu yake kwa wastani ni ya kadiri, siyo ya muujiza, na hatuwezi kutabiri nani atapata kubwa na nani atapata ndogo. Tunapenda kusema "imarisha misuli, goti litapona", lakini wengi maumivu yanashuka hata pale nguvu haijaongezeka sana, maana yake maelezo yetu ni nusu tu. Mashine za umeme tunazowawekea, ushahidi wake ni dhaifu. Mara nyingi zinabaki pale kwa sababu mgonjwa asipowekewa waya anahisi hajatibiwa. Ile baridi ya Julai na upepo wake, nawaamini mnaposema magoti yanauma zaidi, ingawa tafiti zinagongana. Funika goti, lakini baridi haili gegedu. Hata jina "baridi yabisi" linatuchanganya, kwa sababu wengi huliita hivyo gonjwa jingine kabisa, lile la kinga ya mwili kushambulia viungo: vidole vinavimba mikono yote miwili, asubuhi unakaza zaidi ya saa nzima. Hilo lina dawa zake, na kulichelewesha kunalemaza.

Mengine yasiyosubiri blogu: goti lililovimba ghafla, la moto, jekundu, na homa, hospitali siku hiyohiyo. Goti lililojifunga halinyooki, au halikanyagiki baada ya kuanguka, vivyo hivyo. Mfugaji anayekunywa maziwa mabichi, ana homa za kuja na kuondoka na viungo vinauma, apimwe bruselosi, ugonjwa unaotoka kwa mifugo. Goti moja linalovimba polepole kwa miezi huku mtu anakonda, fikirieni kifua kikuu cha kiungo. Kijana wa miaka 25 hana "ute ulioisha", ana kitu kingine.

Kubadilishiwa goti kupo, MOI, yaani Taasisi ya Mifupa Muhimbili, kule Dar es Salaam, na hapahapa Dodoma kwenye Hospitali ya Benjamin Mkapa. Ni upasuaji mzuri kwa goti lililofika mwisho: maumivu ya usiku, hatua chache tu unasimama, na umeshajaribu yote yaliyo juu kwa uaminifu. Mengi ya magoti hayo hudumu zaidi ya miaka 20. Ila asiende mtu akidhani amelikwepa lile zoezi la kiti. Anayekwenda na paja lenye nguvu anainuka mapema kuliko aliyekwenda na paja lililosinyaa, na siku hiyohiyo ya upasuaji au kesho yake mtaalamu wa fiziotherapia atakuja kitandani akwambie, "Haya mama, kaa pembeni ya kitanda, tusimame."