Kipimajoto kilichogoma kufika mia

Mwaka juzi niliitwa na shule moja ya sekondari ya kata, upande wa chini ya mlima Loleza hapa Mbeya, nikachukue vipimajoto vibovu. Vilikuwa 12. Vililetwa na wafadhili kwenye boksi moja na mizani, bika (vikombe vya kioo vya maabara) na sumaku, na mwalimu wa Fizikia alikuwa amevijaribu vyote. Vyote vilikuwa na ugonjwa mmoja.

"Kaka, maji yanachemka mpaka yanaruka, chenyewe kimeganda kwenye 94," akaniambia. "Kitabu kinasema mia. Nimeogopa kuwapotosha watoto, nimevirudisha kabatini."

Nikamwomba tuchemshe tena, safari hii watoto wakiwepo. Tukawasha jiko la mkaa uani, tukabandika sufuria. Watoto wawili wa Kidato cha Kwanza wakashika vipimajoto, ncha ikiwa ndani ya maji lakini haigusi chuma. Maji yakaanza kutoa vipovu vidogo pembeni, yakanguruma, yakachemka kweli kweli. Wakasoma: 94. Tukangoja dakika tano, moto umekolea. Bado 94.

Kisha nikamtuma kijana mmoja kwa mama anayeuza juisi ng'ambo ya barabara, akarudi na barafu kwenye mfuko. Tukaiponda, tukaitia kwenye bika na maji kidogo, tukakoroga, tukatumbukiza vipimajoto vilevile. Uzi mwekundu ukashuka taratibu hadi sifuri, ukatulia hapo. Barafu inayoyeyuka ni shahidi mzuri, maana kiwango chake hakibadiliki kwa namna ya kuonekana ukipanda au ukishuka mlima. Kipimajoto kinachosoma sifuri kwenye barafu hiyo, halafu vyenzake 11 vikakubaliana nacho kwenye maji ya moto, hakina ubovu wowote.

Maji huchemka pale mvuke unaojiunda ndani yake unapopata nguvu ya kutosha kusukumana na hewa iliyo juu yake. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa inayotukandamiza ni pungufu kuliko ya Dar es Salaam. Kanieneo yake, yaani huo mkandamizo, imeshuka kwa karibu moja ya tano. Mvuke haupati upinzani mkubwa, kwa hiyo maji yanachemka mapema. Kwa hesabu ya haraka, kila ukipanda mita 300 kiwango cha kuchemka kinashuka kwa nyuzi moja hivi. Gawa 1,700 kwa 300, toa jibu kwenye mia, utabaki na 94 na ushee. Watoto walifanya hesabu hiyo ubaoni wenyewe, na binti mmoja aliyehamia kutoka Kyela akanyoosha mkono kabla hata hatujamaliza.

"Fundi, ndiyo maana mama anasema maharage ya huku yana kiburi?"

Ndiyo hasa. Kyela iko chini, karibu na Ziwa Nyasa, na maji huko yanachemka kwenye 98 hivi. Maharage yaleyale, maji yaleyale, lakini sufuria ya Mbeya haipati joto la sufuria ya Kyela hata ukiongeza kuni mara tatu. Mama yake aliligundua jambo hilo kwa uzoefu wa jikoni, na sasa binti yake alikuwa na namba ya kumpelekea.

Mimi ni fundi sanifu wa maabara. Kazi yangu ni kuzunguka shule za Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa nikirekebisha vifaa vya sayansi, na sehemu kubwa ya vifaa ninavyovishika vimetoka kwa wafadhili. Nimeona maboksi ya kila aina. Swali ninaloulizwa zaidi ni kama misaada hii inawasaidia watoto wa darasa la sita hadi Kidato cha Pili, umri ambao sayansi inaanza kuwa somo lenye uzito. Inasaidia, na inasaidia sana, pale kifaa kinapompa mtoto jambo aliloliona kwa macho yake ambalo kitabu hakikumwambia.

Umri huo una ugumu wake nchini kwetu. Mtoto amesoma Sayansi kwa Kiswahili miaka yote ya msingi, akifika Kidato cha Kwanza anaikuta kwa Kiingereza, tena imegawanyika kuwa Fizikia, Kemia na Bayolojia. Wengi wananyamaza kwa mwaka mzima kwa sababu hawana maneno. Lakini mtoto aliyeshika kipimajoto na kusoma 94 ana kitu cha kusema. Neno la Kiingereza litakuja kukaa juu ya jambo analolijua tayari. Nimewaona waliokuwa kimya wakibishana kwa sauti juu ya mstari mmoja wa kipimajoto, na ubishi wa namna hiyo naupenda kuliko kitu chochote katika kazi hii.

Hadubini nayo ina mambo yake. Wafadhili wengi huleta hadubini pamoja na slaidi zilizotengenezwa tayari: mguu wa nzi, chavua ya ua la kwao, damu ya chura. Mtoto anachungulia, anasema "nimeona", anampisha mwenzake. Basi. Mimi slaidi hizo naziweka kando siku ya kwanza. Nachukua kiazi mviringo kutoka sokoni na mchele wa Mbarali uliolowekwa usiku kucha. Unakwangua kiazi kwa ncha ya kisu, unatia ule utomvu mweupe kwenye tone la maji juu ya kioo, unafunika. Unafanya vivyo hivyo na mchele uliopondwa. Anza na lenzi ya 4, nenda 10, kisha 40. Ukizidisha na lenzi ya juu ya 10, unaona vitu vikiwa vimekuzwa mara 40, 100 na 400.

Chembe za wanga wa kiazi zinajitokeza mapema, kubwa, za mviringo kama kokoto za mtoni, nyingine zina mistari ndani kama gamba la konokono. Kubwa kabisa hufikia sehemu moja ya kumi ya milimita. Wanga wa mchele ni vumbi tu, chembe ndogo zenye pembepembe, karibu zote chini ya sehemu moja ya mia ya milimita. Hapo weka pembeni mwa kioo tone la iodini ya kusafishia vidonda kutoka duka la dawa, imezimuliwa mpaka iwe rangi ya chai ya rangi. Rangi inatambaa chini ya kioo, na chembe moja baada ya nyingine zinageuka buluu iliyokolea huku mtoto anatazama. Wakulima wa Uyole na Njombe wanalima viazi maisha yao yote, na watoto wao ndio wanaoshangaa zaidi, maana hawakudhani kiazi kina umbo ndani yake.

Darasa la watoto 60 lenye hadubini mbili halitoshi kwa kupokezana. Simu ya mwalimu ikishikizwa juu ya lenzi kwa kipande cha boksi na raba bendi, picha inaonekana kwa kundi zima. Zipo pia hadubini za karatasi zilizobuniwa na Manu Prakash na Jim Cybulski wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani. Zinakunjwa kama bahasha, zinakuza mara 140, na malighafi yake iligharimu chini ya dola moja. Mtu akiniuliza alete hadubini moja ya fahari au 50 za karatasi, kwa watoto wa umri huu namwambia alete za karatasi. Mtoto ataondoka nayo, ataangalia jani la mgomba kwao Rungwe, ataangalia mba za kaka yake. Ile ya fahari itafungiwa.

Hilo la kufungia ndilo linaloniumiza kuliko yote. Kifaa cha msaada kinaingizwa kwenye leja ya shule, na kinapovunjika mwalimu anatakiwa kuandika maelezo. Mwalimu mwenye akili timamu anafanya nini? Anakiacha ofisini kwa mkuu wa shule, kwenye nailoni yake, kiko salama. Nimefungua makabati yenye bika ambazo hazijawahi kulowa maji tangu zifike. Katika shule mbili nilizokaa nao vizuri tuliomba bodi iruhusu safu ya ziada kwenye leja, inayoandikwa "kimevunjika katika somo", pamoja na tarehe na jina la jaribio, bila mwalimu kudaiwa maelezo. Mwaka uliofuata safu hiyo ilikuwa na bika saba na kipimajoto kimoja. Nilifurahi kama nimepewa zawadi, maana bika saba kuvunjika ni ushahidi kwamba watoto wamezishika.

Naikumbuka hapo habari ya Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa Kidato cha Tatu shule ya Magamba, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu uliowekwa kwenye friji ukiwa wa moto ukiganda kabla ya ule uliopozwa kwanza. Aliuliza, akaambiwa amechanganyikiwa. Akaendelea na masomo Mkwawa, Iringa, huku kwetu, na alasiri moja akakuta maabara ya Bayolojia iko wazi na hakuna mwalimu. Akachukua bika mbili ndogo, moja akatia maji ya bomba, nyingine maji ya moto, akaziweka kwenye friji. Baadaye Dk. Denis Osborne kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam alipotembelea shule, Mpemba akamuuliza swali lake mbele ya wenzake waliomcheka. Osborne alilipeleka swali maabara, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Wanasayansi bado wanabishana lini jambo hilo hutokea na kwa sababu gani. Mimi kila nikisimulia habari hii kwa wakuu wa shule nakazia ule mlango uliokuwa wazi, na zile bika mbili ambazo hakuna aliyemzuia kuzigusa. Mkwawa hiyohiyo leo ni chuo kikuu kishiriki kinachoandaa walimu.

Sasa kwa wanaotuma. Umeme wetu ni volti 230. Wa Marekani ni 120. Nimepokea hadubini nzuri kabisa zilizochomekwa ukutani siku ya makabidhiano, wageni wakiwa wamekaa mbele, zikatoa moshi. Mwili wa hadubini hauharibiki kwa hilo, inayokufa ni taa na transfoma yake. Zile tatu nilizozichukua nilizitoa matumbo, nikaweka taa ndogo nyeupe ya tochi, betri tatu za volti 1.5 na rezista ya omu 68, kipande kinachozuia mkondo wa umeme usizidi. Siku hizi naifanya kazi hiyo darasani. Taa inataka volti 3, betri zinatoa 4.5, ziada ni 1.5, gawa kwa 68, unapata mkondo wa milliampia 22 hivi, na taa haiungui. Watoto wa Kidato cha Pili wanakokotoa, wanalehemu, wanawasha. Ukiweza kutuma hadubini yenye kioo cha kuakisi mwanga wa jua, tuma hiyo.

Kwa Tukuyu na Rungwe kwa jumla, ambako mvua hunyesha sehemu kubwa ya mwaka, adui ni ukungu unaoota kwenye lenzi kama utando wa buibui. Kabati lenye balbu ndogo ya zamani inayowaka chini yake linatosha kuuzuia. Vipimajoto vyenye zebaki msilete, kimoja kikivunjika sakafuni darasa zima liko hatarini. Leteni vya spiriti, mkihakikisha vinafika 110, kwa kuwa vile vya ukutani vinaishia 50 na vitapasuka kwenye maji ya moto. Na kabla ya yote mpigieni simu mwalimu. Boksi linasafiri zaidi ya kilomita 800 kutoka bandarini hadi Mbeya, na nauli ya kitu kisichotakiwa ni ileile.

Kompyuta nazo zina nafasi yake. Programu ya masomo kama Kolibri inafanya kazi bila intaneti, na shule za mbali na mtandao zinafaidika. Ila mtoto wa miaka 13 aliyeona picha ya maji yakichemka hajachemsha maji.

Wale wa chini ya Loleza hawakuishia kwenye sufuria ya siku ile. Mwalimu alitundika karatasi ukutani yenye safu tatu: mahali, urefu kutoka usawa wa bahari, na kiwango cha kuchemka. Kila anayesafiri likizo anaweza kuazima kipimajoto, anasaini kwenye leja. Nilipopita mwezi uliopita ilikuwa imejaa nusu: Mbeya 94, Tukuyu 95, Kyela 98, Makambako imeandikwa mara mbili kwa namba tofauti na alama ya kuuliza. Chini kabisa, kwa kalamu ya risasi, yule binti wa maharage alikuwa ameandika Kitulo, mita 2,600, 91. Pembeni yake kaongeza: "Upepo ulikuwa mkali, moto ukawa unazima. Nitapima tena Desemba."