Nishani Kibao, Ndege Sifuri: Rubani Eugene Bullard

Vijana wa hapa Ngamiani, Tanga, wanajua kwamba umri wangu umeishia kwenye injini za ndege. Basi nikitaja tu rubani wa kivita, swali huwa ni moja.

"Shikamoo, fundi. Huyo naye aliangusha ngapi?"

"Marahaba. Kwa hesabu ya kitabuni, hata moja."

"Sasa nishani zote hizo alipewa za nini?"

Rubani mwenyewe ni Eugene Bullard, Mmarekani mweusi wa kwanza kurusha ndege za kivita. Nishani zake za Ufaransa zinatajwa kufika 15. Leo nalijibu swali hilo kwa urefu, maana tabia ya kumpima rubani kwa ndege alizoangusha huficha karibu kila kitu cha maana katika kazi hiyo.

Alizaliwa Columbus, jimbo la Georgia, Oktoba 9, 1895. Enzi hizo kule Kusini mwa Marekani mtu mweusi aliweza kutolewa nyumbani kwake usiku, akanyongwa, na asishtakiwe mtu. Kundi la namna hiyo lilimfuata baba yake, akanusurika. Mtoto akaliona hilo, akatoroka kwao kabla hajaota ndevu. Akazunguka na Waroma, yaani Majipsi, waliokuwa wafuga farasi, akajifunza kuendesha farasi wa mashindano, na kwao ndiko aliposikia kwamba ng'ambo mtu mweusi hatendewi hivyo. Mwaka 1912 akazamia meli bandarini Norfolk, Virginia. Watu wa bandari kama sisi hatuhitaji kuelezwa kuzamia ni nini. Akashukia Aberdeen, Scotland, akaishi kwa ngumi za ulingoni, na mwaka 1913 akafika Paris. Huko akajiona yuko nyumbani.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza akajiandikisha katika Lejioni ya Kigeni, kikosi cha Ufaransa kinachochukua wageni, Oktoba 1914. Wiki chache baadaye, hapahapa Tanga, Waingereza waliteremsha askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka Uhindi. Wakafurushwa na jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck, lililokuwa na askari kama 1,000 tu, na nyuki wakaongezea. Makaburi ya vita ile yangali hapa mjini. Nayataja kwa sababu wengi wetu tunaisoma vita hiyo kama mambo ya Ulaya yaliyopita mbali na mlango wetu.

Bullard alipigana ardhini, kwenye mahandaki, na Machi 1916 vipande vya mzinga vilimpasua paja kule Verdun, Ufaransa. Nishani ya Croix de guerre, yaani msalaba wa vita, ilitokana na siku hizo. Hata lile jina lake la Mbayuwayu Mweusi wa Mauti, ambalo watu wakilisikia hudhani ni la angani, linatokana na Rejimenti ya 170 ya askari wa miguu aliyokuwa nayo Verdun. Wafaransa waliwaita askari wake mbayuwayu wa mauti. Kwa hiyo kabla hajagusa usukani wa ndege alikuwa ameshavaa nishani.

Jeraha lile lilimwondoa kwenye safu za miguu. Mwenyewe alisimulia kwamba alipokuwa akiuguza, rafiki yake Mmarekani aliweka dau la dola 2,000 kwamba mtu mweusi hatakubaliwa kwenye jeshi la anga. Bullard akaanza na mafunzo ya kupiga bunduki za ndegeni, akahamia urubani, na Mei 5, 1917 akapata leseni ya Ufaransa namba 6950. Dau akalila.

Sasa tuje kwenye ndege, maana hapa ndipo uwanja wangu. Nieuport, ndege za kivita za Wafaransa wakati ule, zilikuwa na injini ya ajabu. Tuliyoizoea sisi imefungwa palepale, mhimili ndio unaozunguka na kuzungusha pangaboi. Yao ilikuwa kinyume: mhimili umefungwa kwenye bodi, na silinda zote zinazunguka pamoja na pangaboi. Uzito wote huo ukishika kasi unaivuta ndege upande mmoja, kiasi kwamba kona ya upande ule ni rahisi kupita kiasi na ya upande wa pili inagoma. Oili yake ilikuwa mafuta ya nyonyo, kwa kuwa hayayeyuki kwenye petroli. Na hayakurudi tangini. Yakishapita kwenye silinda yanarushwa nje, matone na moshi, yanamrudia rubani usoni. Mtu wa Tanga hahitaji kufundishwa nyonyo inafanya nini tumboni. Marubani wale waliyavuta na kuyameza safari nzima, na wengine wakishatua walikimbilia chooni kwanza, ripoti baadaye.

Spad, ndege yao nyingine ya kivita, ilikuwa nafuu kidogo. Injini yake ya Hispano-Suiza ilikuwa na silinda nane zilizopozwa kwa maji, nguvu za farasi 150 na baadaye 180. Nyonyo haikuwa tatizo, ila rejeta ikitobolewa na risasi, rubani ana dakika chache za kutafuta pa kutua. Bunduki ya rashasha ilipiga kupitia katikati ya pangaboi, ikiwa imeungwa na injini ili isifyatue panga linapopita mbele ya mtutu. Marekebisho yakikosewa, unalikata pangaboi lako mwenyewe. Rubani alikaa wazi, kwenye baridi kali, na parachuti hakupewa. Bullard alipaa hivyo mara kama 20, kuanzia mwishoni mwa Agosti 1917, kwanza katika kikosi cha 93 na kisha cha 85. Ndani ya koti alibeba tumbili wake, Jimmy. Kama fundi ningemkatalia, lakini sikuwepo.

Naam, aliangusha ngapi? Wanaoandika habari zake hutaja moja au mbili, na hakuna hata moja iliyothibitishwa. Tofauti hiyo haimaanishi uongo. Utaratibu wa Ufaransa ulikuwa mkali: ndege haihesabiwi mpaka wapatikane mashahidi wengine, hasa waangalizi wa ardhini walioiona ikianguka. Ndege ya Mjerumani ikiangukia upande wa Wajerumani, nani akaitolee ushahidi? Mvuvi anayerudi soko la Deep Sea akisema kolekole mkubwa amekata mshipi hana cha kuweka mezani, hata kama anasema kweli tupu. René Fonck, anayeongoza kwa hesabu ya Ufaransa, amethibitishiwa ndege 75, na mwenyewe alidai zaidi ya 100. Ukiwa na miezi miwili na ushee tu hewani kama Bullard, matukio yako yote mawili yanaweza kumezwa na sheria hiyo.

Na daftari lenyewe linaweza kupotea. Marmaduke Pattle, mzaliwa wa Butterworth, Afrika Kusini, aliyepewa DFC, nishani ya Uingereza ya ushujaa angani, mara mbili katika mwaka 1941, huenda ndiye rubani wa Uingereza aliyeangusha ndege nyingi kuliko wote kwenye Vita vya Pili. Huenda, kwa sababu kumbukumbu za kikosi chake zilipotea Waingereza walipokimbia Ugiriki Aprili mwaka huohuo. Yeye mwenyewe alishakufa Aprili 20, akiwa amepaa na homa. Wengine humpa 40, wengine 50 na zaidi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko kwenye pwani yetu. Julai 11, 1915, ndege ya Waingereza iliyotokea Mafia ilikuwa juu ya delta ya Rufiji ikiziongoza meli zao zilizokuwa zikiipiga Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyojificha mtoni. Rubani alikuwa Cull, mwangalizi Arnold. Wakapigwa, injini ikafa. Ndege ikishuka, Arnold aliendelea kutuma kwa redio marekebisho ya shabaha mpaka wakatumbukia mtoni. Wakaokolewa, na Königsberg ikaisha siku hiyohiyo. Wote wawili walipewa DSO, nishani ya Uingereza ya maofisa wa vita, na hawakuangusha ndege yoyote. Wao ndio walioangushwa! Kijana akiniuliza nishani ya rubani hutolewa kwa lipi, humpeleka Rufiji kwanza, Verdun baadaye.

Turudi kwa Bullard. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, Wamarekani waliokuwa wakirusha ndege za Ufaransa waliitwa wajiunge na jeshi lao. Alikwenda, akafaulu vipimo vya afya, hakuchukuliwa. Waliochukuliwa walikuwa wazungu. Novemba mwaka huo Wafaransa nao wakamwondoa angani, inasemekana baada ya ugomvi na ofisa mmoja, akamalizia vita kwenye kazi za nyuma ya mstari. Sioni haja ya kuipamba sehemu hiyo. Hesabu yake ya hewani ilifungwa na watu wa chini, wala si Wajerumani.

Baada ya vita alipiga ngoma za jazi Paris, akaendesha klabu za usiku, na kwa kuwa alijua Kijerumani akawasikilizia Wafaransa maneno ya wateja Wajerumani. Mwaka 1940, akiwa na miaka 44, akabeba bunduki tena, akajeruhiwa mgongo, akatorokea Marekani kupitia Hispania na Ureno. Huko New York hakuna aliyemjua. Mwaka 1949, karibu na Peekskill, alipigwa na polisi na wahuni kwenye ghasia za onyesho la mwimbaji mweusi Paul Robeson, na picha zipo. Mwaka 1954 Ufaransa ikamwalika awashe upya mwenge kwenye kaburi la askari asiyejulikana, na mwaka 1959 ikampa Légion d'honneur, nishani yake ya juu kabisa. Wakati huo kazi yake ilikuwa kuendesha lifti katika jengo la Rockefeller Center. Televisheni iliyokuwa na studio humohumo ikamhoji Desemba mwaka huo, akiwa na sare yake ya lifti.

Alifariki Oktoba 12, 1961, akazikwa Queens kwenye sehemu ya maveterani wa Ufaransa. Jeshi la Anga la Marekani lilimtunuku cheo Agosti 23, 1994, miaka 33 baada ya kufa kwake, na mwaka 2019 sanamu yake ikasimamishwa Georgia, jimbo alilolikimbia. Cheo chenyewe ni luteni usu, kile anachovishwa kuruta aliyetoka chuoni jana. Mtu wa Verdun, wa mapaa 20 na wa vita viwili vikuu, mimi ningempa walau ukapteni. Ila kwenye vyeo huwa hawatuulizi mafundi.