Kukoroma sana sio dalili ya usingizi mtamu

Ndugu zangu, mimi kazi yangu ni upasuaji wa kinywa, taya na uso, wengi wanajua nang'oa meno tu, kumbe kuna siku mtu kaja na gego linauma alafu mkewe ndo ananivuta pembeni, daktari, huyu usiku anakoroma mpaka pumzi inakata, mi nakaa macho nasubiri irudi. Yule mama aliniletea ugonjwa mkubwa kuliko jino, ugonjwa wa pumzi kukatika usingizini.

Iko hivi, ukilala misuli ya koo inalegea, ulimi unarudi nyuma, njia ya hewa inaziba. Hewa ikikata sekunde 10 au zaidi tunahesabu moja, zikifika 5 kwa saa tayari ni tatizo, zikizidi 30 hali ni mbaya. Kila ikikata ubongo unamgutusha avute pumzi na wala hakumbuki, asubuhi anaamka kichwa kinauma, mchana anasinzia kwenye usukani, na presha inasumbua hata akimeza dawa vizuri. Na jamani sio wanene peke yao, hata mwembamba mwenye kidevu kilichorudi nyuma anaweza kuwa nao.

Zamani aliyezidiwa alitobolewa koo. Mwaka 1981 Colin Sullivan na wenzake kule Sydney, Australia, wakaonyesha mashine inayosukuma hewa puani usiku kucha, na mpaka leo ndo tunaanza nayo. Ila wapo inayowashinda, na bila umeme ndo basi tena. Kule Stanford, Marekani, Robert Riley, mpasuaji wa taya kama mimi, na mwenzake Nelson Powell walifanya kazi kubwa ya kukata taya zote mbili na kuzisogeza mbele kama milimita 10 hivi, zinafungwa kwa pleti na skrubu. Ulimi umejishikiza nyuma ya kidevu kwa hiyo taya likienda mbele nao unafuata, koo linafunguka. Mwaka 1993 walitoa ripoti ya wagonjwa 306 waliowapasua kutibu ugonjwa huu, sio wote kwa kusogeza taya.

Sasa mimi ujuzi huo huo unanifaa zaidi kwenye kambi za upasuaji wa bure. Tunaletewa watoto taya limeganda, alianguka akapiga kidevu, au sikio lilitoa usaha miezi bila tiba, kiungo cha taya pale karibu na sikio kikashikana mfupa kwa mfupa, mdomo haufunguki, uji unapita kwenye pengo la jino, taya halikui na usiku mtoto analala amekaa. Hata nusu kaputi yake ni kazi, mpira wa hewa unapitishwa puani kwa kamera. Tunaachanisha mfupa, na taya fupi tunalivuta kwa kifaa cha chuma milimita 1 kwa siku, mfupa mpya unajaza nafasi. Kuna mama wodini, baada ya upasuaji, alimtikisa mwanae usiku kucha, mtoto kalala chali kimya, hajazoea ule ukimya.

Kwa hiyo ukiwa na mtu anakoroma hivyo nyumbani, rekodi kwa simu dakika chache, ile sehemu pumzi inakata isikike, mje nayo hospitali. Akiwa mtoto mdogo msisubiri akue, mara nyingi ni nyama za puani au tonsesi, zinatolewa.